Watoto wa Mama Mutuku

Tom, mchumba wangu, alinionya, na mimi nikamwambia aninyamazie.

"Daisy, harusi ni Jumamosi ijayo. Wazee wamefika London salama, pasipoti zimegongwa mihuri, wanakula, wanalala. Sasa unawatoa nje ya nchi tena ya nini?"

Nilimjibu kwamba wale ni wazazi wangu si wake, kwamba viza zao za miezi sita zinawaruhusu kutoka na kurudi, na kwamba kama anaona wivu kwa sababu yeye haendi, aseme tu tujue. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia nisifanye kitu, ndipo nakifanya kwa haraka zaidi. Tom ni nesi wa chumba cha upasuaji na amezoea watu waliolala. Mimi hanijulii.

Ilikuwa Juni 2004. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa inajaribu dawa ya kisukari, na kazi yangu ilikuwa takwimu: wagonjwa wangapi wameanza dawa, wangapi wameiacha, wangapi wamekufa. Alhamisi nilitakiwa kutoa taarifa Copenhagen, Jumatatu nitoe nyingine Stockholm. Katikati palikuwa na siku tatu za bure na vyumba vya hoteli vimeshalipiwa. Baba na Mama walikuwa wamemaliza wiki mbili kwenye fleti yetu ya Wembley, wakikaa dirishani kutazama mabasi. Nikasema hapana, hawa nitawatembeza. Wakirudi Kitui wawe na la kuhadithia.

Lakini kama nasema ukweli, basi niuseme wote. Safari ile niliipanga kwa ajili ya Mama.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa watu wengine kitinda mimba hudekezwa mpaka anaoza. Kwetu haikuwa hivyo. Wageni wakija nyumbani, Mama alikuwa akituonyesha mmoja mmoja: huyu ni Mutuku wangu, huyu ni Ndunge wangu, huyu Kilonzo wangu, Wavinya wangu, Kasyoka wangu. Akifika kwangu anasema, "Na huyo anaitwa Daisy." Basi. Halafu anaenda kuangalia chai. Hakunipiga kuliko wengine, hakuninyima chakula, hata nikiugua ndiye aliyekesha. Ila lile neno "wangu" halikuwahi kunifikia. Nilisoma kama mwendawazimu ili nilipate. Nilikuwa wa kwanza wilayani, nikapata skolashipu, nikaja London, nikavaa suti. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na bado nilikuwa nalingoja, na nilikuwa na hasira nalo.

Copenhagen ilianza vizuri. Baba, mwalimu mstaafu, alikuwa na daftari dogo na aliandika kila kitu: bei ya maziwa, urefu wa magari moshi, idadi ya baiskeli zilizopita wakati anakunywa chai. Mama alivaa sweta mbili na leso kichwani na akasema mji ni safi lakini watu wake wanatembea kama wamefiwa. Ijumaa asubuhi nikawapeleka kwenye ule mnara wa mviringo ambao hauna ngazi, unapanda njia pana inayozunguka mpaka juu. Nilidhani Mama, kwa magoti yake, ataufurahia.

Mlangoni alisimama kijana ana kidude cha chuma kiganjani. Kila mtu akipita, anakibonyeza. Ka. Ka. Ka. Mama akasimama.

"Yule anafanya nini?"

"Anahesabu watu, Mama. Wasizidi huko juu."

"Akahesabu mbuzi wa baba yake."

"Mama, twende, watu wako nyuma yetu."

"Nendeni nyinyi."

Nilijua habari ile. Kwetu, kwa desturi ya zamani, mtoto hahesabiwi. Ukimwuliza mwanamke ana watoto wangapi atakuambia wapo, au atakutajia majina uhesabu mwenyewe moyoni ukitaka, ila namba haitatoka kinywani mwake. Kutaja namba ni kukiita kifo. Lakini jameni, hiyo ni desturi ya zamani! Majirani wote walikuwa wameshaiacha. Mama peke yake ndiye aliyeing'ang'ania, tena ni mke wa mwalimu aliyekuwa anahesabu wanafunzi kila asubuhi.

Nikamfokea pale pale, mbele ya Wadenmarki. Nilimwambia anatuaibisha. Nilimwambia, "Mama, mimi nahesabu watu kila siku! Hiyo ndiyo kazi iliyokuleta hapa!"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuombea."

Nilimtazama Baba anisaidie. Mtu wa namba, mtu wa daftari. Baba alikuwa ameugeukia ukuta anasoma bango la Kidenmarki ambalo hakuelewa hata neno moja. Hatukupanda. Tulikaa nje kwenye benchi, watatu, tukala mkate.

Jumamosi tulipanda gari moshi la Sweden linalopita baharini juu ya daraja, na Baba akashika kofia yake kana kwamba upepo ungeingia kupitia kioo. Stockholm nikawapeleka kuona ile meli ya kale ya mbao iliyozama siku yake ya kwanza baharini, ikaja kuopolewa baada ya miaka mia tatu. Baba alizunguka, akasoma, akarudi kwangu akinong'ona: "Yaani hawa watu walikosea, halafu wakalijengea kosa lao nyumba?" Tukacheka mpaka askari akatutazama. Mama naye alicheka. Nilisema moyoni, sasa tumekaa sawa.

Jumatatu jioni ndipo nilipochemka kabisa. Baada ya taarifa yangu palikuwa na chakula, na mkubwa wangu Pravin alisema niwalete wazee. Pravin ni Mhindi wa Kenton, mtaa wa London, aliyezaliwa Nakuru, na Kiswahili chake bado kiko imara. Akaja mikono mbele, mwenye furaha, akamwinamia Mama.

"Shikamoo, Mama Daisy! Hongera kwa kutuzalia huyu. Bila yeye ofisi yetu haiendi."

Mama akavuta mkono wake polepole. "Mimi ni Mama Mutuku," akasema. "Huyu tumekuja naye tu."

Tumekuja naye tu! Pravin akacheka, akadhani ni utani wa Wakamba. Mimi nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikauma taulo la mkono. Usiku huo sikulala, na kesho yake uwanjani na ndani ya ndege sikumsemesha Mama hata neno. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimfikisha Wembley, nikimvisha gauni la harusi, nikimpiga picha, nikimrudisha Kitui, tumemalizana.

Hivyo ndivyo tulivyofika uwanja wa ndege wa London Jumanne saa nane mchana, siku nne kabla ya harusi. Nimenuna, Mama amenyamaza, Baba katikati ameshika bahasha ya karatasi.

Afisa wa uhamiaji alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, wala hakuwa mkali. Alinyoosha mkono, akapokea pasipoti tatu na ile barua yangu ya mwaliko. Akaisoma yote. Watu kwa kawaida hawaisomi yote.

"Hawa ni wazazi wako?"

"Ndiyo."

"Wamekaa wiki mbili, wakatoka, sasa wanarudi. Kwa nini?"

Nikamweleza kazi, matembezi, harusi. Akaitikia kwa kichwa. Nilishaanza kuvuta mkoba. Kisha akamgeukia Baba.

"Mzee, una watoto wangapi?"

Swali jepesi. Wanaliuliza ili wajue kama una cha kukurudisha kwenu. Kwenye barua nilikuwa nimeandika wazi: wana watoto sita, na mimi ndiye wa mwisho.

Baba akavua kofia. Kwa Kiingereza chake cha ubaoni, kila neno limenyooka, akasema, "Saba, bibi."

Nikacheka. "Sita, Baba."

"Saba," akarudia. Hakunitazama.

Afisa akaitazama barua, akamtazama Baba, akanitazama mimi. "Mwulize mama."

Nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa haraka, meno yamefungwa: "Mama, wanataka kujua una watoto wangapi. Sema sita tuondoke."

"Wapo," akasema Mama.

"Anasema sita," nikamwambia afisa.

Afisa akavua miwani. "Hilo lilikuwa neno moja fupi sana," akasema, "na ninadhani halikuwa namba. Tafadhali usimjibie tena." Akachukua pasipoti zote akasimama.

Tukawekwa kwenye viti vya plastiki pembeni. Aliporudi alinieleza taratibu, bila kupandisha sauti, na utaratibu wake ndio uliotia hofu. Alisema barua inasema sita, baba anasema saba, mama hataki kusema, na binti ametafsiri uongo mbele yake. Hajui kama hawa ni mume na mke, hajui kama ni wazazi wangu. Atamwita mkalimani amhoji mama. Asiporidhika, watarudishwa Stockholm kwa ndege ya saa moja jioni, na kwa kuwa viza yao ya huko ilikuwa ya kuingia mara moja tu, wataunganishwa moja kwa moja hadi Nairobi.

"Harusi yangu ni Jumamosi," nikasema.

"Nimeona," akasema.

Cheti changu cha kuzaliwa, chenye jina la Mama kwa wino, kilikuwa Wembley ndani ya kabati, kwenye faili la harusi. Nilimpigia Tom mara kumi na moja. Simu yake ilikuwa kwenye sanduku la hospitali na yeye alikuwa ndani ya upasuaji, amevaa glavu. Saa tisa ikapita. Saa kumi kasorobo.

"Baba," nikasema, "saba ndiyo nini? Umechanganyikiwa? Mimi sina ndugu wa saba. Au una mtoto wa nje? Maana kama una mtoto wa nje, leo ndiyo siku umeichagua!"

"Nyamaza, Daisy."

"Sinyamazi!"

"Sikuweza kumruka hata mmoja," akasema. Sikumwelewa. Mama, kwenye kiti cha tatu, alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Mkalimani alifika saa kumi na nusu, mtu mrefu wa Bukavu anayeitwa Baudouin, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Tukaingia chumba kidogo, meza moja, viti vitano. Afisa aliniruhusu kukaa nyuma ukutani kwa sharti moja: nisifungue mdomo. Baba akabaki nje.

"Mama, karibu," Baudouin akasema. "Huyu mudamu anauliza, uko na batoto ngapi?"

"Wapo."

Akatafsiri. Afisa akasema hilo si jibu. Baudouin akamgeukia Mama tena, akashusha sauti. "Mama, minajua. Hata kwetu ni vile. Lakini minalazimika kuuliza."

"Umemwambia nini?" afisa akauliza.

"Kwamba nalazimika kuuliza."

Mama akamtazama yule mtu, nadhani alimwonea huruma. Kisha akasema kwamba namba hataisema, ila majina atataja. Afisa akakubali, akavuta karatasi. Na hapo nikaona kosa linakuja, kwamba jina langu huenda asilitaje, nami nimekatazwa kusema.

"Mutuku," Mama akasema. Afisa akaandika kijistari. Baudouin hakuwa na cha kutafsiri. "Ndunge." Kijistari. "Kilonzo. Wavinya." Vijistari. "Kasyoka." Afisa akakata vile vinne kwa mstari wa mlalo, kama tunavyohesabu sisi watu wa takwimu, tano tano. Mama aliufuata wino ule kwa macho. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mwikali," akasema.

Sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu. Afisa akaandika kijistari cha sita, peke yake, pembeni. Akangoja. Kalamu imeinama juu ya karatasi. Mama amenyamaza.

"Sita," afisa akasema. "Inalingana na barua." Halafu akayaangalia majina, akanigeukia. "Lakini sijasikia Daisy." Akaninyooshea kalamu. "Mwulize mama, na huyu ni nani?"

Baudouin akauliza.

Mama aliitazama kalamu. Hakunitazama mimi hata kidogo, alitazama kalamu tu.

"Huyu si wangu," akasema. "Huyu ni wa Kalekye."

Baudouin hakutafsiri mara moja. "Mama, nitafasiri vile umesema?"

"Tafsiri."

Akatafsiri.

Sijui nilisimamaje. Kiti kilianguka. Kalekye alikuwa jirani yetu, mwanamke asiye na mume, aliyekuwa ananiletea njugu. Nilipiga kelele hadi mlinzi akafungua mlango. Nilisema, "Kumbe! Kumbe ndiyo maana! Miaka yote hii! Basi rudi, Mama Mutuku! Rudi Stockholm, rudi Kitui, nenda kwa watoto wako, harusi yangu haikuhusu!" Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Mama hakuinua uso. Mlinzi akanishika kiwiko kwa adabu akanitoa nje.

Baba alikuwa amesimama ukumbini, kofia ameikunja mikononi. Alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia.

"Mimi ni wa nani?" nikamwuliza.

"Kaa."

"Sikai. Mimi ni wa nani, Baba?"

"Ni wetu. Ni wa mama yako, alikuzaa kwa uchungu wa siku mbili, nusura afe. Kaa chini, Daisy, magoti yangu yananiuma."

Nikakaa. Akanieleza akitazama sakafu, kwa Kikamba, lugha ambayo hakuwahi kunisemesha nayo mambo makubwa.

Mwaka 1969, mwezi wa Agosti, serikali ilihesabu watu. Walimu ndio waliopewa fomu, na Baba alipewa za kata yetu. Watu walikuwa wanakimbia, wanawake wanaficha watoto kwenye mahindi. Akaona bora aanze na nyumba yake mwenyewe, majirani waone hakuna kinachotokea. Alimketisha Mama mlangoni, watu wamejaa uani. Mama alimsihi. Baba akasema, nitafundishaje watu kama mke wangu ananipinga? Basi Mama akasema mbele ya wote: sita. Baba akaandika sita. Wa mwisho kuandikwa alikuwa Mwikali, wa miezi minane, mgongoni kwa mama yake.

"Siku ya nne akashikwa na homa asubuhi. Jua halikuzama naye."

"Baba, ni malaria. Watoto walikuwa wanakufa kwa malaria."

"Najua ni malaria!" Ilikuwa mara ya kwanza maishani Baba kunipandishia sauti. "Mimi ni mwalimu, najua ni malaria. Lakini nilimlazimisha. Hajawahi kunilaumu, na hatujawahi kulitaja jina lake tena. Leo yule bibi ameniuliza wangapi, na ulimi ukanishinda kumwacha mtoto nje mara ya pili."

Nilipozaliwa mimi, miaka miwili baadaye, Mama hakutaka kunibeba mbele za watu. Walifanya vile walivyofanya wazee: siku yangu ya tatu alinipeleka kunilaza njiani, kwenye vumbi, akaondoka bila kugeuka. Kalekye akapita, kwa mpango, akaniokota akisema kwa sauti ya juu kwamba ameokota mtoto asiye na mwenyewe. Akanileta nyumbani. Mama "akanipokea kumsaidia kulea". Tangu siku hiyo Mama hakuniita wake mbele ya mtu yeyote; kwake mimi nilikuwa wa Kalekye. Kifo kikija kuuliza kwa Mama Mutuku, kisinikute kwenye orodha.

"Mtoto akishakua, hiyo kitu huachwa," Baba akasema. "Mimi nilimwambia aache ulipoingia shule. Ulipoenda sekondari. Ulipopanda ndege. Kila mara anasema, bado kidogo."

Nilikaa pale na mikono yangu miwili mapajani. Nilitaka kumkumbatia mtu na nilitaka kumpiga mtu. Nilikuwa nimemwambia arudi, harusi yangu haimhusu, naye alikuwa amekaa mle ndani akinisikia. Saa yangu ilionyesha kumi na moja na robo. Nikasimama, nikagonga mlango.

"Naomba dakika mbili na mama yangu," nikamwambia afisa. "Hapa hapa mbele yenu. Mkalimani akutafsirie kila neno."

Akamtazama Baudouin, akanitazama, akakubali.

Nilipiga magoti kwenye zulia, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwomba radhi mama yake. "Mama, nisamehe. Baba ameniambia. Ameniambia Mwikali."

Aliposikia jina hilo kinywani mwangu, alishtuka.

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Umenisikia? Usimjibu huyu. Wakiwarudisha, nitapanda ndege hiyo hiyo na nyinyi. Tom atakuja Kitui, tutafungia harusi huko, Desemba, wakati wowote. Mimi sina haraka. Niache kwa Kalekye."

Niliyasema yale na nilimaanisha. Nyuma yangu Baudouin alikuwa anatafsiri kwa sauti ya chini. Afisa alikuwa ameweka kalamu chini.

Mama akanishika kidevu. Alikuwa na vidole baridi.

"Ulisema nirudi kwa watoto wangu," akasema.

"Ilikuwa hasira. Unanijua."

"Ulidhani sikutaki."

Ningeweza kumdanganya. "Ndiyo," nikasema. "Siku zote."

"Woi," akasema, pole pole sana, kama mtu aliyegundua kwamba maji aliyoyateka yote yamemwagikia njiani. "Siku zote? Hata ukiwa mtoto?"

"Hata nikiwa mtoto."

Akaniachia kidevu. Akajifuta mdomo kwa ncha ya leso, akakaa wima kama wanavyokaa wanawake wa kanisani kwetu wanapotoa ushuhuda. Nikajua anachotaka kufanya, nikamshika goti. "Mama, hapana. Mama, nakukataza!"

"Wewe unikataze mimi?" Akamgeukia Baudouin. "Baba, mwambie hivi. Nilidanganya. Huyu nilimzaa mimi. Ni wangu." Akainyooshea kidole karatasi. "Mwambie ni wa saba. Aandike."

Baudouin akamgeukia afisa. Akatafsiri.

Afisa hakuwa na haja tena ya kuandika, nadhani. Alikuwa ameshaona alichotaka kuona. Ila ni mtu wa utaratibu, na Mama alikuwa ameinyooshea kidole karatasi, anangoja. Basi akaichukua kalamu, akaandika kijistari cha saba kando ya kile cha Mwikali.

Neno nililolingoja miaka thelathini na mitatu lilikuwa limesemwa mbele ya mashahidi, na nikaogopa. Mimi, Daisy, ninayeandika wafu kwenye jedwali kila Ijumaa na kwenda kula samaki na chipsi. Nilitaka kuirukia ile meza niifute ile karatasi kwa mate.

Saa kumi na mbili kasoro kumi mihuri ikagongwa, mmoja, na mwingine. Afisa akatutakia harusi njema. Baudouin alimpa Mama mkono kwa mikono yake yote miwili akaondoka. Baba alituona tukitoka, akatazama uso wa mke wake, akaelewa. Alimbebea mkoba, kitu ambacho sijamwona akikifanya maisha yake yote.

Tom alipiga simu tukiwa milangoni. "Nimeona simu kumi na moja! Kuna nini? Wameingia?"

"Wameingia."

"Sasa unalia nini?"

Nikamwambia tutaongea nyumbani, nikaizima.

Nje palikuwa na jua bado, na barabara ya kuvuka kwenda kwenye mabasi. Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono tangu tulipotoka kwenye kile chumba, ameshika kwa nguvu mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi. Taa ilikuwa nyekundu. Gari halikuwepo, si kushoto wala kulia, na watu wote wenye masanduku walikuwa wanavuka wakitupita. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia tena. Tukasimama pale ukingoni, watatu, tukingoja taa.